Hassan Sheikh Mumin na Jukwaa la Kisomali

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Garissa husoma kwamba tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya ilianza kuchapishwa na akina Henry Kuria, ambaye Nakupenda Lakini yake ilitoka mwaka 1957. Akivuka mpaka wa kusini husoma Hatia ya Penina Muhando, ya 1972. Ni nadra kuulizwa iwapo watu wa kwao nao walikuwa na jukwaa. Makala haya yanasimulia kwa muhtasari maisha ya Hassan Sheikh Mumin, mmoja wa waliolijenga jukwaa hilo katika lugha ya Kisomali, inayosemwa kuanzia Garissa hadi Mandera na ng'ambo ya mpaka.

Hassan alizaliwa yapata mwaka 1930 mjini Borama, katika eneo la Wasomali lililotawaliwa na Waingereza. Alikulia katika jamii iliyomtegemea mshairi kupatanisha koo, kushtaki dhuluma na kuhifadhi historia. Baadaye alihamia Mogadishu, ambako alifanya kazi serikalini na kushughulika na ukusanyaji wa fasihi simulizi. Kazi hiyo ilimfaa: mtunzi huyu hakuyaacha mapokeo alipopanda jukwaani, bali alipanda nayo.

Mwaka 1968 ilionyeshwa tamthilia yake mashuhuri, Shabeelnaagood, yaani Chui wa Wanawake. Mhusika mkuu, Shabeel, ni mlaghai anayewawinda wasichana. Humhadaa Shallaayo kwa ndoa ya uongo, kisha humtelekeza akiwa mjamzito. Jina la binti huyo latokana na neno lenye maana ya majuto. Hata hivyo, Hassan hakumtwika binti peke yake lawama. Aliwafanya watazamaji wajiulize wazazi walikuwa wapi, mashahidi walikuwa wapi, na kwa nini aibu humwandama mwanamke huku mwanamume akienda zake. Msomaji wa Hatia atalitambua swali hilo mara moja, ingawa Shabeelnaagood iliitangulia kwa miaka minne.

Aidha, fani yake yastahili kuangaliwa. Kisomali kilipata hati rasmi mwaka 1972 tu. Kwa hiyo, waigizaji walikariri tungo kwa kusikiliza. Sehemu nzito zilitungwa kishairi, na zile za kuchekesha zikasemwa kwa lugha ya kawaida. Ushairi huo haufuati vina vya kati na vya mwisho kama wetu. Sauti ileile ya mwanzo wa neno hurudiwa mshororo baada ya mshororo. Ni utaratibu unaomsaidia mwigizaji kukumbuka na kumwezesha msikilizaji kumkosoa akikosea.

Kaskazini Mashariki ya Kenya ndiyo kwanza ilikuwa imetoka katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Mpaka ulilindwa kwa bunduki, lakini mawimbi ya Redio Mogadishu hayakuhitaji kibali. Baada ya redio zilikuja kanda, na nyimbo za michezo ya kuigiza ya Kisomali zikasikika majumbani na katika hoteli za chai. Humo ndimo wengi wa wazee wetu walimopatia elimu ya tamthilia, bila kitabu wala mtihani.

Mwaka 1974 Shabeelnaagood ilichapishwa London, kwa Kisomali pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya B. W. Andrzejewski. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Vita hivyo ndivyo vilivyowaleta wakimbizi Dadaab, katika Garissa yetu, na kuwatawanya wengine hadi Toronto na Oslo. Utungo wa Hassan, Samo ku waar, ukawa wimbo wa taifa wa Somaliland mwaka 1997. Yeye mwenyewe alifariki Oslo mwaka 2008, mbali na Borama.

Hadi leo ndoa inayofungwa kwa siri, bila walii wala kadhi, huweza kumwacha binti bila haki anayoweza kuithibitisha. Kwa sababu hiyo Shallaayo si mhusika wa zamani. Wanafunzi wa idara zetu wanaozijua vyema lugha zote mbili ndio wenye uwezo, na nadhani pia wajibu, wa kumzungumzisha kwa Kiswahili.