Nikola Tesla na koili iliyozaa radi chumbani

Zaidi ya karne moja tangu ivumbuliwe, koili ya Tesla ingali inatengenezwa majumbani na watu wanaopenda sayansi: bomba la plastiki lililozungushiwa waya mwembamba, pete nene ya alumini juu yake, na cheche za zambarau zinazoruka hewani kwa kishindo. Wengi huijua kama kitu cha maonyesho. Aliyeivumbua hakuikusudia kuwa hivyo. Kwake ilikuwa chombo cha kujibu swali lililomtawala kwa miaka mingi: je, umeme unaweza kumfikia binadamu bila waya?

Nikola Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kimo nchini Croatia na wakati ule kilikuwa chini ya Dola ya Austria. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiothodoksi na alitaka mwanawe afuate njia hiyo hiyo. Mama yake, Đuka, hakupata kusoma shule, lakini alikuwa hodari wa kubuni vyombo vya kazi za nyumbani. Tesla aliamini hadi uzeeni kwamba kipawa chake alikirithi kwa mama.

Mwaka 1875 alianza masomo ya uhandisi mjini Graz, lakini hakuyamaliza. Mwaka 1882, akiwa Budapest, alipata wazo la mota inayozungushwa na nguvu za sumaku zitokanazo na mkondo geu wa umeme. Miaka miwili baadaye alivuka bahari hadi New York na kuajiriwa katika kampuni ya Thomas Edison, ambako hakudumu. Washirika wake wa kwanza wa biashara nao walimtoa katika kampuni iliyobeba jina lake, na kwa muda mvumbuzi huyo aliishi kwa kibarua cha kuchimba mitaro.

Nyota yake iling'ara mwaka 1888, pale mfanyabiashara George Westinghouse aliponunua haki za kutumia hataza zake. Mwaka 1893 mkondo geu uliangaza maonyesho makubwa ya Chicago, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika mji wa Buffalo.

Kuzaliwa kwa koili

Wakati huo Tesla alikuwa amekwisha kugeukia jambo jingine. Mwaka 1889, alipozuru maonyesho ya Paris, alipata habari za majaribio ya Mjerumani Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi yanayosafiri hewani. Aliporejea New York aliyarudia majaribio hayo kwa masafa ya juu zaidi, na koili za zama hizo zikamshinda. Chuma kilichokuwa katikati yake kilipata moto na kuyeyusha vihami vya waya.

Tesla alikiondoa chuma hicho, akaacha hewa kati ya koili mbili, na kuongeza kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi. Aliwasilisha ombi la hataza mwezi Aprili mwaka 1891. Tarehe 20 Mei mwaka huo, mbele ya wahandisi waliokusanyika katika Chuo cha Columbia, aliwasha mirija ya kioo ambayo haikuunganishwa na waya wowote.

Namna koili inavyofanya kazi haikubadilika sana tangu hapo. Transfoma hupandisha umeme hadi volti elfu kadhaa na kuijaza kapasita. Kapasita ikijaa, cheche huruka kati ya ncha mbili za chuma, na umeme wote humwagika katika koili ya kwanza, yenye mizunguko michache ya waya mnene. Humo huyumba huku na huko kwa kasi ya maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Koili ya pili, yenye mizunguko mamia ya waya mwembamba, huupokea na kuupandisha hadi volti laki kadhaa.

Lakini hupokea vyema kwa sharti moja: masafa ya koili zote mbili yalingane. Anayemsukuma mtoto kwenye bembea hahitaji nguvu nyingi. Huhitaji kusukuma kwa wakati wake. Akikosea wakati, hata nguvu za watu wawili hupotea bure. Kila aliyewahi kuzungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni amefanya kazi hiyo hiyo ya kulinganisha masafa.

Ndiyo maana anayeijenga koili nyumbani hutumia saa nyingi kuliko alivyodhani akihamisha kiungo cha waya kwenye koili ya kwanza, nusu mzunguko baada ya nusu mzunguko. Hatua ndogo hurefusha cheche au kuizima kabisa. Na cheche yenyewe, inapotanda hewani, huyashusha masafa ya koili ya pili, kwa hiyo mafundi wazoefu huiweka koili ya kwanza chini kidogo ya kipimo cha awali.

Hatari haiko pale inapoonekana. Tesla aliupitisha umeme wa masafa ya juu mwilini mwake bila kuumia, kwa kuwa mishipa ya fahamu haihisi mitetemo ya kasi namna ile, ingawa unaweza kuunguza. Transfoma na kapasita zilizo chini ni habari nyingine. Hizo huua mara moja, na kapasita yaweza kubaki na umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Colorado na Wardenclyffe

Mwezi Machi mwaka 1895 moto uliteketeza maabara ya Tesla pamoja na kumbukumbu zake. Alianza upya. Mwaka 1899 alijenga huko Colorado Springs koili yenye kipenyo cha takriban mita 15. Picha mashuhuri inamwonyesha ameketi kwa utulivu chini ya mvua ya cheche. Ukweli ni kwamba picha hiyo ilipigwa mara mbili juu ya kioo kimoja: cheche zilipokuwa zikiruka, kiti kilikuwa kitupu.

Aliondoka Colorado akiamini kwamba dunia nzima inaweza kutikiswa kwa masafa yake kama koili. Mwaka 1901 tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000, na mnara wa Wardenclyffe, wenye urefu wa takriban mita 57, ukaanza kujengwa Long Island. Desemba mwaka huo Guglielmo Marconi alitangaza kupokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo ya gharama ndogo zaidi. Tesla alipomweleza Morgan kwamba nia yake ni kusambaza nguvu za umeme, si ujumbe pekee, mwaka 1903 alinyimwa fedha zaidi. Mnara ulibomolewa mwaka 1917 kwa sababu ya deni lake la hoteli.

Fedha hazikuwa kikwazo pekee. Umeme unaoachwa huru hutawanyika, na kinachofika mbali ni kidogo mno kuendesha mashine. Lililowezekana ndani ya chumba halikuwezekana katika dunia nzima, na Tesla hakulikubali hilo.

Alifariki akiwa peke yake katika chumba cha hoteli mjini New York, tarehe 7 Januari mwaka 1943. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza ya Marconi kuhusu ulinganishaji wa masafa, kwa kuzingatia kazi za waliomtangulia, akiwamo Tesla. Mwaka 1960 jina lake lilipewa kipimo cha kimataifa cha nguvu ya sumaku. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho mjini Belgrade.

Leo simu huchajiwa bila waya, lakini sharti ilazwe karibu kabisa na chaja. Koili nayo ingali inajengwa majumbani, na kila anayeilinganisha kwa subira hadi cheche ya kwanza irefuke, huona kwa macho yake kile kilichomfanya Tesla aamini kwamba mengine yote yangewezekana.