Luke Lea na Vijana wa Sewanee

Tukitaja vyuo vya Kanisa letu huko ng'ambo, wengi wetu huwaza Oxford na Cambridge tu, walikotoka wamisionari waliotuletea Injili. Safari hii tunawaletea habari za mtu wa chuo cha Waanglikana wa Marekani, kilichopo Sewanee, juu mlimani katika jimbo la Tennessee. Chuo hicho kilianzishwa na maaskofu wa majimbo ya kusini mwaka 1857. Tuseme kweli mapema: miongoni mwa waanzilishi hao walikuwamo wenye watumwa, na mtu mweusi hakupokewa kuwa mwanafunzi pale mpaka mwaka 1953.

Luke Lea alizaliwa Nashville tarehe 12 Aprili 1879, akaingia Sewanee mwaka 1896. Sifa yake chuoni haikutokana na kucheza, bali na kuwa meneja wa timu ya mpira. Mpira wao si huu wetu wa miguu. Mchezaji huushika mikononi akakimbia nao, na wapinzani humrukia na kumwangusha chini. Tena siku zile aliyetolewa uwanjani hakurudi tena katika mchezo huo, hata akipata nafuu.

Mwaka 1899 Sewanee ilikosana na Chuo cha Vanderbilt cha Nashville juu ya kugawana fedha za viingilio, na mchezo wao ukafutwa. Huo ndio mchezo uliokuwa ukijaza mfuko wa timu. Basi Lea, kijana wa miaka 20, akaketi na kalamu yake akapanga michezo mitano kwa siku sita, katika safari ya gari moshi ya kilometa kama 4,000 kwenda na kurudi. Chuo chenyewe kilikuwa na wanafunzi wasiofika mia.

Vijana wakapanda gari na mapipa mawili ya maji ya chemchemi ya kwao, wasije wakaugua kwa maji ya ugenini. Lakini viatu vya kuchezea vikasahauliwa nyuma! Lea akapiga simu ya maandishi, vikaletwa kwa gari lililofuata. Sisi tuliowahi kusafirisha timu za vyuo vya ualimu kwa lori tunaijua vema hofu ya namna hiyo. Mpira ukisahauliwa, utaazima. Viatu vya watu kumi na mmoja utaviazima wapi?

Alhamisi tarehe 9 Novemba waliwafunga Texas 12 kwa 0. Ijumaa, Texas A&M 10 kwa 0. Jumamosi wakiwa New Orleans waliwafunga Tulane 23 kwa 0. Jumapili hawakucheza. Jumatatu wakawapiga Louisiana 34 kwa 0, na Jumanne mjini Memphis wakawamaliza Mississippi 12 kwa 0. Katika michezo mitano hakuna aliyewafunga hata pointi moja. Mwaka ule walishinda michezo yote 12, wakapata pointi 322 na kufungwa 10 tu, zote na Auburn, waliyoiponyoka kwa 11 kwa 10.

Lea aliendelea na ujasiri uleule. Mwaka 1907 alianzisha gazeti Nashville, na mwaka 1911 akawa Seneta akiwa na miaka 31. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa kanali wa kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha, Kaisari wa Ujerumani alikimbilia Uholanzi, nchi isiyokuwa imeingia vitani. Mwezi Januari 1919 Lea na wenzake wachache wakaenda kwa motokaa mpaka kwenye ngome aliyofichwa, wakitaka kumchukua akahukumiwe. Kaisari akakataa kuwaona, askari wa Kiholanzi wakaizingira ngome, nao wakaondoka mikono mitupu, ila mmoja wao alichukua kisahani cha majivu ya sigara. Jeshi likamkaripia Lea. Kwa maoni yetu alistahili karipio hilo, maana angeweza kuiingiza nchi nyingine katika fujo.

Mambo ya fedha ndiyo yaliyomwangusha. Mwaka 1930 mabenki ya kusini yaliporomoka, na mwaka 1931 mahakama ya North Carolina ikamtia hatiani kwa udanganyifu juu ya benki moja iliyoanguka, watu wakapoteza akiba zao. Rafiki zake walishikilia kwamba ni siasa. Alikaa gerezani tangu mwaka 1934 hadi 1936, na mwaka 1937 akasamehewa.

Kabla ya hayo, mwaka 1927, alikuwa amewapa watu wa Nashville ekari 868 za ardhi ziwe bustani ya wote. Hakutaka iitwe kwa jina lake. Ikaitwa kwa jina la baba mkwe wake, Percy Warner, na watu wangali wakitembea humo.

Alifariki Nashville tarehe 18 Novemba 1945. Siku nne kabla yake ilitimia miaka 46 tangu vijana wake walipomaliza kazi Memphis.