Ernest Hemingway: mwandishi aliyefundishwa bahari na wavuvi

Wakaaji wengi wa Bukavu hawajui kama mmoja wa waandishi wanaosomwa sana duniani alilala katika mji wao usiku mmoja, mwezi wa kwanza mwaka 1954. Ni Mmarekani Ernest Hemingway, pamoja na bibi yake Mary. Walikodi ndege ndogo Nairobi kusudi waone Congo ya Wabelgiji kutoka juu. Ilikuwa zawadi ya Noeli kwa bibi. Siku chache kisha, magazeti ya dunia nzima yalitangaza kwamba amekufa. Kumbe bado alikuwa mzima, na mawazo yake yalikuwa baharini.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 mwezi wa saba mwaka 1899 huko Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake alikuwa daktari, njo alimfundisha kuvua katika mito na maziwa ya jimbo la Michigan. Ile ilikuwa maji yasiyo na chumvi na samaki wadogo. Bahari hakuijua.

Mwaka 1928 alifika Key West, kisiwa cha kusini kabisa ya Florida. Kulikuwa huko makapiteni walioishi kwa kazi ya kupeleka wageni kuvua: mgeni analipa siku, kapiteni anatoa boti, chambo, na zaidi ya yote, akili yake. Mmoja wao, Bra Saunders, alimpeleka Hemingway mara nyingi. Karibu na inchi kavu walitafuta tarponi, samaki ya magamba makubwa ambayo inaweza kupita kilo 50. Inaingia katika mifereji kati ya visiwa kufuatana na maji kujaa na kupwa. Ikikamatwa, inaruka hewani na kutikisa kichwa mpaka ndoana itoke. Mgeni asiye na kiongozi atazunguka siku nzima bure, juu ya kutojua saa wala pahali. Hemingway alikuwa tayari na jina kwa vitabu vyake, lakini ndani ya boti alikuwa mwanafunzi.

Mwaka 1932, Joe Russell, mwenye baa ambaye pia alivusha pombe ya magendo kutoka Cuba wakati Marekani iliikataza, alimvusha mpaka Havana katika boti yake Anita. Huko alikutana na marlini, samaki yenye mdomo mrefu kama mkuki. Mkondo mkubwa wa maji ya moto unaoitwa Gulf Stream unapita karibu sana na Havana, na bahari inashuka kina haraka. Mvuvi anaona nyumba za mji huku uzi wake ukizama katika maji ya kina kirefu. Carlos Gutiérrez, mvuvi wa Cuba, alimfundisha tabia ya marlini, na akawa msaidizi wake wa kwanza.

Mwanzo wa 1934, kisha kuwinda nyama katika Kenya na Tanganyika, Hemingway alivua huko Malindi, kwenye pwani ya Kenya. Aliporudi Marekani aliagiza boti yake mwenyewe, Pilar, yenye urefu wa karibu metri 12. Tangu hapo hakuhitaji kukodi boti, lakini mtu wa kumwongoza alimhitaji sikuzote. Mwaka 1938 Gregorio Fuentes, mzaliwa wa visiwa vya Canary aliyefika Cuba akiwa mtoto, alichukua kazi ya Gutiérrez. Alipika, alitengeneza chambo, alishika usukani, na alichunga bwana wake alipokunywa kupita kiasi.

Hemingway alikuwa na kichwa ngumu. Mwezi wa ine mwaka 1935, wakati wa kuvuta papa karibu na boti, bunduki yake ilifyatuka na risasi ikamuumiza miguu yote miwili. Papa walikuwa adui yake. Samaki ikichoka kwa kuvutwa masaa mengi, papa wanaikula kabla haijafika kwenye boti. Kwa hiyo yeye alitaka samaki ivutwe kwa nguvu bila kupumzika.

Mwaka 1936 aliandika katika gazeti juu ya mzee mmoja wa Cuba aliyekamata marlini kubwa peke yake katika mtumbwi, kisha papa wakaimaliza. Miaka 16 kisha, habari ile ikawa kitabu, The Old Man and the Sea. Kitabu kinaeleza mvuvi maskini, wala si mgeni tajiri mwenye boti ya injini.

Turudi kwa ndege. Tarehe 23 mwezi wa kwanza 1954, karibu na maporomoko ya Murchison katika Uganda, ndege iligonga waya wa simu na kuanguka. Walilala porini. Kesho yake mashua iliwapeleka Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ng'ambo ya Ituri. Ndege ya pili iliyokuja kuwachukua iliwaka moto katika kuruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake. Fuvu, ini na figo viliumia. Hata hivyo, kisha wiki chache alikwenda Shimoni, kusini ya pwani ya Kenya, kwa ile safari ya kuvua aliyoipanga. Huko moto wa pori ukamuunguza tena. Mwaka ule alipata tuzo ya Nobel, lakini hakuweza kwenda kuipokea.

Hakupona vizuri. Pombe, maumivu na huzuni nzito vilimfunga. Alitibiwa hospitalini Marekani, na tarehe 2 mwezi wa saba 1961 alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, katika jimbo la Idaho. Alibakiza siku 19 kutimiza miaka 62.

Pilar ilibaki kwa Fuentes, aliyeishi mpaka 2002, akiwa na miaka 104. Wavuvi wa Cojímar, kijiji ambako boti ile ilifungwa, walitaka kumsimikia rafiki yao sanamu, lakini shaba haikupatikana. Basi walileta kile walichokuwa nacho: mapanga ya zamani ya injini, vyuma vya kufungia kamba na vipande vingine vya boti zao. Viliyeyushwa pamoja, na mwaka 1962 sanamu ilisimama mbele ya bahari. Mwandishi alichukua akili ya wavuvi miaka mingi, akaifanya kitabu. Wao walimkumbuka kwa vyombo vya kazi yao.