Rudolf Diesel: mtoto aliyefukuzwa Paris, jina lake likabaki kwenye kila kituo cha mafuta

Ukisimama kwenye kituo cha mafuta hapa Gisenyi utajua mtu alikulia wapi kwa neno analolitumia. Waliokulia Kongo na Burundi huomba mazutu. Waliorejea kutoka Tanzania, Kenya au Uganda huomba dizeli. Wote huwekewa mafuta yale yale, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba dizeli ni jina la ukoo la mtu, mhandisi Mjerumani aliyefariki mwaka 1913 katika mazingira ya kutatanisha, akiwa amezongwa na madeni.

Kumfahamu mtu huyu kuna faida mbili kwa msomaji wa mji huu. Kwanza, maisha yake yanafanana na ya wengi wetu. Pili, wazo lake ndilo linaloeleza kwa nini pikapu iliyokuwa ikikimbia vizuri Dar es Salaam inahema ikibebeshwa mzigo kutoka Gisenyi kwenda Musanze.

Azaliwa ugenini

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani; baba yake, Theodor, alitoka Augsburg akaishi Ufaransa kwa kazi ya kutengeneza vitabu na bidhaa za ngozi. Mtoto alikua akizungumza Kifaransa na kufanya vizuri shuleni. Mwaka 1870, alipokuwa na umri wa miaka 12, vita vilizuka kati ya Ufaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokuwa Paris wakatakiwa kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London ikiwa na vitu vichache.

Maisha ya London yalikuwa magumu. Wazazi wakaamua kumtuma Rudolf Augsburg, kwa ndugu zao wa ukoo wa Barnickel. Mjomba huyo alikuwa mwalimu wa hesabu. Hivyo kijana aliyezaliwa Ufaransa akaingia katika nchi iliyoitwa yake, lakini ambayo hakuwahi kuishi, akalazimika kusoma kwa lugha ambayo haikuwa ile aliyoizoea darasani. Sisi tuliosomea uhamishoni na kurudi tukiwa watu wazima tunaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Rudolf hakupoteza muda. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza darasani, na mwaka 1875 akapata msaada wa masomo kwenda chuo cha ufundi cha Munich. Huko alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho. Wakati akisubiri mtihani mwingine alikwenda kujifunza kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi. Msomaji aukumbuke mji huo, tutaurudia. Januari 1880 alihitimu kwa alama za juu kabisa.

Hewa kwanza, mafuta baadaye

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Paris, katika biashara ya mitambo ya barafu ya Profesa Linde. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye barafu. Tangu darasani alikuwa ameelezwa kwamba injini za mvuke za wakati ule zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya joto la makaa ya mawe. Alijaribu kutengeneza injini ya mvuke wa amonia, mtambo ukalipuka na kumlaza hospitali kwa miezi.

Alipopona alishika njia nyingine. Kila aliyewahi kujaza upepo kwenye baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto, kwa sababu hewa ikigandamizwa hupata joto. Diesel alijiuliza: je, hewa ikigandamizwa sana ndani ya silinda, haiwezi kupata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila kiberiti wala plagi? Wazo hilo alilipatia hati ya umiliki nchini Ujerumani, iliyoanza kuhesabiwa tarehe 28 Februari 1892.

Hapo ndipo ilipo tofauti na injini ya esansi. Ile huvuta hewa na mafuta kwa pamoja, kisha plagi huwasha. Injini ya Diesel huvuta hewa tupu, huigandamiza hadi iwe ya moto, ndipo mafuta yanapuliziwa ndani na kuwaka. Hewa ikiwa chache, mafuta hayawezi kuungua yote, hata yakiongezwa.

Miaka ya jasho

Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vilikubali kumsaidia. Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilijaribiwa. Kipimo cha mgandamizo kikalipuka na waliokuwepo wakaponea chupuchupu. Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa takribani dakika moja. Miaka mitatu mingine ikapita kwa kubomoa na kuunda upya. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi: injini ya nguvu za farasi takribani 20 iligeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini nyingine iliyokuwa imefikia hapo.

Utajiri ukaja haraka. Miongoni mwa walionunua haki za kuitengeneza alikuwa Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa sababu serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujilimia mafuta ya mitambo.

Hata hivyo, injini za mwanzo ziliharibika mara kwa mara na wanunuzi wakalalamika. Kulikuwa na kesi za haki za uvumbuzi. Diesel mwenyewe alijenga jumba la kifahari Munich, akatia fedha kwenye viwanja na hisa zisizolipa. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaujua mtego huo: mtaji umezama, wadai wanabisha hodi, na majirani bado wanakuita tajiri.

Safari ya mwisho

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, Diesel alipanda meli iitwayo Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Harwich, Uingereza, kwa shughuli za kampuni yake. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaagiza aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo, akaenda chumbani. Asubuhi hakuonekana. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa sitahani. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuuacha mwili majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa ni vya baba yake. Wengi waliamini alijiua kwa sababu ya madeni. Wengine walizungumzia mauaji. Hakuna kilichothibitishwa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Hakuwahi kuiona injini yake ikienea kwenye malori. Injini za enzi zake zilikuwa nzito mno kwa barabara. Malori ya mazutu yalianza kutoka viwandani Ujerumani katika miaka ya 1920.

Mtu wa Winterthur

Mwaka ule ule wa 1879 ambao Diesel alikuwa Winterthur, mjini humo alizaliwa Alfred Büchi, ambaye baadaye naye alifanya kazi Sulzer. Büchi aliona kwamba moshi unaotoka injini bado una joto na nguvu nyingi. Mwaka 1905 alisajili wazo la kuutumia moshi huo kuzungusha gurudumu lenye mapanga, ambalo nalo huzungusha pampu ya kusukumia hewa ndani ya silinda. Hiyo ndiyo turbo. Ilimchukua takribani miaka 20 kuifanikisha. Katika meli mbili za Kijerumani za mwaka 1926, nguvu ya injini zile zile ilipanda kutoka farasi 1,750 hadi 2,500.

Pikapu zetu na vilima vyetu

Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Musanze hupanda kupita mita 2,000. Katika mwinuko wa mji wetu hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani. Hilux yenye injini ya lita 2.8 isiyo na turbo, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huvuta kama lita 4,200 za hewa kila dakika. Hapa huvuta lita zile zile, lakini hewa iliyomo ni pungufu. Kwa hiyo injini kama 2L, 3L na 5L lazima zichoke mlimani. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Wengi hukimbilia kwa fundi afungue pampu ili mazutu yaongezeke. Bila hewa ya kutosha, ziada hiyo hutoka kama moshi mweusi, ambao ni fedha inayopotea na sababu ya kukwama kwenye ukaguzi wa gari. Aidha, joto huzidi na linaweza kuyeyusha pistoni.

Njia ya busara inaanzia hewa inapoingia. Filta iliyojaa vumbi jeusi la mawe ya volkeno huikaba injini. Ibadilishwe, na mipira yake ikaguliwe isivuje, maana vumbi likipita hula silinda. Kuondoa filta kabisa ni kuiua gari. Bomba la kuvutia hewa linafaa lichukue hewa ya nje, kwani hewa ya moto iliyo karibu na injini ni nyepesi zaidi.

Kisha inafuata hewa inapotoka. Bomba la moshi lililobonyea au kujaa masizi huzuia silinda kupokea hewa mpya. Kwenye injini isiyo na turbo, bomba pana kidogo lenye kona chache husaidia kiasi kidogo tu, na kukata sailensa huongeza kelele kuliko nguvu. Kwenye yenye turbo faida ni kubwa zaidi, kwa sababu moshi ukitoka kwa urahisi turbo huamka mapema. Turbo yenyewe inahitaji oili safi, na baada ya mlima injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Kufunga turbo kwenye injini isiyotengenezewa turbo ni kazi ya fundi anayejua kupima, la sivyo mgandamizo utaivunja.

Mwenye pikapu anayepanga kwenda gereji wiki hii aanze kwa kufungua sanduku la filta na kutazama bomba la moshi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hayo mawili yakiwa sawa, ndipo aulize habari za pampu.