Ole Gilisho na mlango wa mahakama

Katika vitabu vyetu vya historia, Mmaasai anayetajwa sana ni Lenana. Shule imepewa jina lake, barabara imepewa jina lake, na hata kilele kimoja cha Mlima Kenya. Parsaloi Ole Gilisho hutajwa kwa nadra, na anapotajwa huitwa Legalishu, jinsi makarani wa Kiingereza walivyolisikia jina lake wakaliandika. Jambo hilo hunisikitisha. Iwapo kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yaweza kumfunulia mwanafunzi wa Bonde la Ufa maana ya mkataba, mahakama na rufani, basi ni huyu, ambaye hakupata kuingia darasani.

Wanafunzi wengi ninaozungumza nao hapa Nakuru huamini kwamba kazi ya mahakama ni kumtafuta msema kweli. Imani hiyo ni nusu tu ya habari. Kabla ya jaji kuuliza nani ana haki, hujiuliza kwanza kama yeye mwenyewe ana mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Mwalimu wa zamu ana uwezo wa kumwadhibu mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Hana uwezo wa kuamua ugomvi wa walimu wakuu wawili juu ya mpaka wa viwanja vyao, hata kama ukweli wote anaujua. Ole Gilisho alilijua somo hilo kwa gharama kubwa.

Alikuwa mtu wa Purko, tawi kubwa la Wamaasai, naye alikuwa olaiguenani, yaani msemaji wa rika lake. Cheo hicho si ufalme. Wamaasai hawakuwa na mfalme. Msemaji husikiliza baraza, kisha hunena yale ambayo baraza limekubaliana. Lenana kwa upande wake alikuwa oloiboni, mwonaji na mganga mwenye heshima kuu. Waingereza walihitaji mtu mmoja wa kutia saini kwa niaba ya wote, na walipomkosa, walimtangaza Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai. Hapo ndipo tatizo la kwanza la kisheria lilipozaliwa: ni nani mwenye idhini ya kuwafunga wenzake kwa mkataba?

Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nakuru mnamo 1900. Serikali ya Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilitaka mizigo ya kuilipia reli hiyo, na ikawaalika walowezi. Malisho ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru, yaliyokuwa ya Wamaasai, yalipendeza macho ya wageni hao. Agosti 1904, chini ya Kamishna Sir Donald Stewart, ukaandikwa mkataba. Wamaasai wangeondoka katikati ya Bonde la Ufa na kugawanyika sehemu mbili, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini mwa reli. Ole Gilisho alikuwa miongoni mwa walioukubali. Serikali nayo iliahidi kwamba maeneo hayo yangebaki mali yao maadamu kabila la Wamaasai lipo duniani, na kwamba njia pana ingeachwa ya kuyaunganisha. Njia hiyo haikupatikana. Mwaka huo huo wa 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji rasmi. Jiji tunalojivunia leo na safari ya Wamaasai ya kwenda Laikipia vimezaliwa mwaka mmoja.

Ahadi ya milele ilidumu kwa miaka saba. Walowezi walianza kuitamani Laikipia pia, na Gavana Sir Percy Girouard akaupokea mpango wa kuwahamisha Wamaasai wote kusini. Mwaka 1910 Ole Gilisho alikataa. Aliijua ardhi ya kusini, uchache wa maji yake na maradhi ya mifugo. Machi 1911 Lenana akafariki, na maafisa wakadai kwamba wosia wake ulikuwa watu wake wahamie kusini. Aprili mwaka huo mkataba wa pili ukawekwa mezani, na safari hii alama ya Ole Gilisho ikawekwa pamoja na za wenzake.

Hapa naomba mwalimu asimame kidogo na darasa lake. Kwa nini mtu aliyekataa mwaka 1910 akakubali mwaka 1911? Sheria ya mikataba husema kwamba makubaliano ni lazima yawe ya hiari, kati ya watu wenye uwezo wa kukubaliana, nao waelewe wanachokikubali. Makubaliano yanayopatikana kwa kumtisha mtu yaweza kuvunjwa. Upande mmoja wa meza alikaa Gavana mwenye askari, karatasi na lugha ya karatasi hiyo. Upande wa pili walikaa wazee ambao hawakuweza kuisoma. Mimi si mwanasheria, lakini sioni hiari nyingi mezani hapo.

Uhamisho ulianza katikati ya 1911 na ukageuka kuwa maafa. Watu na mifugo walisongamana kwenye njia za kupanda Mau, katika baridi na mvua, ng'ombe wakafa, na serikali ikalazimika kusimamisha msafara. Huko London maswali yakaulizwa juu ya ahadi ambazo Girouard alikuwa amewapa walowezi kabla ya kuruhusiwa, na mwaka 1912 akajiuzulu. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, alikuwa akiwaandikia watu wa Uingereza habari za mambo hayo, na kwa ajili hiyo alihamishiwa Nyasaland.

Mwaka 1912 Ole Gilisho na wenzake walifanya jambo ambalo serikali haikulitarajia. Hawakuchukua mikuki. Walimtafuta wakili Mwingereza, Alexander Morrison, na utajiri wao wa ng'ombe ukageuzwa kuwa ada yake. Shauri likafunguliwa katika Mahakama Kuu, mdai wa kwanza akiwa mshirika wake ambaye hati za mahakama zilimwita Ole Njogo, na mdaiwa mkuu akiwa Mwanasheria Mkuu wa serikali. Lilikuwa shauri la madai. Shauri la jinai huletwa na dola dhidi ya mtu anayeshukiwa uhalifu, na mwisho wake ni adhabu. Shauri la madai huletwa na anayedai kuvunjiwa haki, na mwisho wake ni fidia au amri ya kumrudishia chake.

Hoja zao zilikuwa nyepesi kueleweka. Mkataba wa 1904 ulikuwa ungali hai. Waliotia saini mwaka 1911 hawakuwa na idhini ya kuwauza Wamaasai wa Laikipia. Na ng'ombe waliokufa njiani walipaswa kulipwa. Wakati mawakili wakibishana, uhamisho ulianzishwa tena, na mwaka 1913 watu wapatao 10,000 na makundi yao makubwa ya ng'ombe na kondoo walikuwa wamekwisha kuondolewa Laikipia. Hukumu ilipokuja, shauri likatupwa. Wakakata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1913 wakashindwa tena.

Lakini walishindwa kwa sababu gani? Majaji hawakusema kwamba mkataba wa 1904 haukuvunjwa, wala kwamba mkataba wa 1911 ulipatikana kwa haki. Walisema kwamba nchi hii ni himaya tu, si sehemu ya milki ya Mfalme. Kwa hiyo Wamaasai si raia wake bali ni wageni walio chini ya ulinzi wake. Makubaliano yao na serikali si mkataba wa kawaida, kama ule wa mwuza shamba na mnunuzi, bali ni mkataba wa dola na dola. Na mahakama za nchi haziwezi kulazimisha mkataba wa namna hiyo utekelezwe, wala kuhoji tendo la dola dhidi ya mgeni. Hata ng'ombe waliokufa Mau waliingizwa humo humo.

Mshangao wangu haujaisha tangu niliposoma habari hizi. Wamaasai walihesabiwa kuwa na dola ya kutosha kutia saini ya kuitoa ardhi, lakini hawakuhesabiwa kuwa na dola ya kutosha kuihifadhi. Ajabu nyingine ni kwamba sheria ya ardhi ya 1915 na kesi za mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya himaya kufanywa koloni, ziliwageuza Waafrika kuwa wapangaji tu wa Mfalme. Mwaka 1913 ulikuwa mgeni, kwa hiyo huna mlango wa kuingilia. Miaka michache baadaye ukawa mtu wa nyumbani, kwa hiyo huna ardhi.

Baada ya Mahakama ya Rufani ilibaki ngazi moja, Baraza la Mfalme huko London. Shauri halikufika huko. Ole Gilisho aliishi kusini, katika ardhi aliyoikataa, na akafariki mwaka 1939. Mwaka 1962 wajumbe wa Wamaasai waliipeleka hoja ya mikataba hiyo kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, wakarudi mikono mitupu. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, vijana waliandamana, na huko Laikipia wafugaji walipambana na polisi.

Mlango wenyewe umepanuliwa tangu hapo. Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 humruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi lake au kwa maslahi ya umma, na Ibara ya 67 imeipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Mei 2017 Waogiek wa Mau, msitu ule ule waliopitishwa Wamaasai, walipata hukumu dhidi ya serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha. Huko nako serikali ilianza kwa kudai kwamba mahakama haina mamlaka. Majaji walilikataa pingamizi hilo, kisha wakasikiliza.

Ningewashauri walimu walijaribu shauri la 1912 darasani. Wanafunzi wanne wawe wadai, wanne wawe upande wa Mwanasheria Mkuu, watatu wawe majaji. Majaji wakatazwe kuligusa swali la nani alivunja ahadi mpaka wawe wamekwisha kuamua, kwa sababu zilizoandikwa, kama wana mamlaka ya kuliuliza.