Onyo la Fleming Tumelisahau
Kila siku ya soko hapa Ishiara, nimwonapo mtu akinunua vidonge viwili vya antibiotiki badala ya dozi kamili, humkumbuka marehemu Alexander Fleming. Daktari huyo, aliyezaliwa Uskoti mwaka wa 1881, alitangulia kugundua kwamba machozi yetu yana protini inayoua bakteria. Mwaka wa 1928 akagundua penisilini. Mwaka wa 1945 akatunukiwa Nobeli pamoja na Florey na Chain. Katika hotuba ya tuzo hiyo alionya kuwa dozi haba huwazoesha vijidudu dawa. Alifariki mwaka wa 1955. Leo wataalamu wanachunguza peptidi, yaani protini ndogo za kinga ya viumbe, wakitafuta silaha mpya. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana mapema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.