Kasisi wa Belhelvie na Fataki Yake

Ikifika Idi hakuna mtaa wa pwani usiosikika mlio wa fataki. Watoto hununuliwa bastola zao za kuchezea, na vijikaratasi vyenye vidoto vya unga, wakashinda wakizialisha tangu watu watoke kuswali hata jua kutua. Lakini wazee wetu wa zamani neno hili fataki hawakulijua kwa mchezo. Kwao wao lilikuwa ni kile kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa juu ya tundu la bunduki, nyundo ikikishukia, moto huingia ndani ukaiwasha baruti. Na kabla ya bunduki ya fataki palikuwa na gumegume, iliyowashwa kwa jiwe.

Kiswahili kimeyahifadhi majina yote mawili, ila ni wachache waliopata kuuliza ni nani aliyewatoa watu katika jiwe akawatia katika fataki. Hakuwa askari, wala hakuwa fundi wa silaha. Alikuwa kasisi wa kanisa la shamba huko Scotland.

Alexander John Forsyth alizaliwa Disemba 1768 katika nyumba ya kasisi wa Belhelvie, kijiji kilicho jirani na mji wa Aberdeen, karibu na bahari ya kaskazini. Baba yake, James Forsyth, ndiye aliyekuwa kasisi wa hapo. Kijana alisomeshwa King's College ya Aberdeen, na baba alipofariki, mwana akashika mahali pake mwaka 1791. Akakaa katika kazi hiyo miaka 52, asibanduke ila kwa muda mmoja ambao habari zake zaja.

Kazi ya kasisi wa kijiji humwachia mtu nafasi, na Forsyth alikuwa na mapenzi mawili ya kuijaza nafasi hiyo. La kwanza ni elimu ya kemia, kuchanganya chumvi na tindikali na kutazama yatokayo. La pili ni kuwinda bata na ndege wengine wa majini.

Basi na tuitazame gumegume ilivyofanya kazi. Mwindaji akifyatua, jiwe hupiga chuma, cheche zikaanguka katika kisahani cha baruti kilicho ubavuni mwa bunduki. Baruti hiyo huwaka kwa mwako na moshi, ndipo moto upenye tundu na kuifikia baruti iliyomo ndani. Baina ya mwako wa nje na mlio wa ndani pana kitambo, kidogo mno, lakini bata hahitaji kitambo kikubwa. Auonapo mwako, amekwisha kuruka. Tena hiyo ni siku ya ukavu. Siku ya mvua au ya umande, kisahani hulowa na bunduki ikakataa kulia kabisa, naye mwindaji wa ndege wa majini siku zake nyingi ni za mvua.

Forsyth akawaza: je, haupatikani unga unaowaka kwa kupigwa tu, ukafichwa ndani ya mtambo usionekane na ndege wala usifikiwe na maji? Unga wa namna hiyo ulikuwako. Mfaransa Berthollet alikuwa amekwisha kuifanya chumvi iitwayo klorati, na mwaka 1788 huko Essonnes ilijaribiwa badala ya baruti ya kawaida, ikalipuka ikaua watu wawili. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alieleza unga mwingine, uliotokana na zebaki, ambao nao hulipuka kwa pigo dogo. Wote walioingia njia hii walitaka unga huu mpya ufanye kazi ya baruti, nao kwa ukali wake ukawa wapasua bunduki na kujeruhi watu. Kasisi wetu aliiacha baruti na kazi yake ya kusukuma risasi. Akautaka unga mpya uiamshe tu, na kwa hilo punje chache zinatosha. Kwangu mimi hapa ndipo palipo akili ya mtu huyu, maana vitu vyote alivyovitumia vilikuwa vimevumbuliwa na wengine.

Kufika 1805 mtambo wake ulikuwa tayari. Ulikuwa na kichupa cha chuma kinachozunguka, na kwa umbo lake Waingereza wakauita mtambo wa chupa ya marashi. Ukikipindua, hutona unga kidogo penye tundu. Ukikirudisha, nyundo huwa juu ya kijisindano, na ukifyatua, sindano huuponda ule unga.

Mwaka 1806 akauchukua mtambo wake London. Sir Joseph Banks, rais wa jumuiya ya wataalamu wa Uingereza, aliuona, na Lord Moira, aliyekuwa mkuu wa idara ya silaha za serikali, akamtaka abaki aufanyie kazi katika ngome ya Tower. Vita na Napoleon vilikuwa vimepamba moto, na bunduki isiyoogopa mvua si jambo la kudharauliwa. Forsyth akakubali, akaacha kijiji chake, akashinda ngomeni na mafundi. Kisha mwaka 1807 serikali ikabadilika. Moira akaondoka, akaja Lord Chatham, naye akaisimamisha kazi ile yote. Kasisi akaamriwa atoke ngomeni na vyombo vyake, ambavyo yasimuliwa kuwa viliitwa takataka.

Kwao husimuliwa pia kwamba Napoleon alimwahidi pauni 20,000 akiipa Ufaransa siri yake, naye akakataa.

Hakukata tamaa. Tarehe 11 Aprili 1807 alipewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, na katika kuiandika alisaidiwa na James Watt, yule mwenye sifa ya mitambo ya mvuke. Mwaka 1808 duka la Forsyth likafunguliwa Piccadilly, London, na miongoni mwa mafundi waliofanya kazi humo ni James Purdey, ambaye baadaye jina lake mwenyewe lilikuja kuwa kubwa katika bunduki za kuwindia. Maneno ya hati yalikuwa mapana: kuwasha bunduki kwa unga wa kupigwa, vyovyote mtambo utakavyokuwa. Mafundi wengine walipojaribu kuipitia kando, akiwamo Joseph Manton, fundi mashuhuri kuliko wote wa London, Forsyth aliwashitaki akashinda.

Muda wa hati ulikwisha 1821, mlango ukawa wazi kwa kila mtu. Wakati huo kilikuwa kimekwisha kuzuka kile kikofia cha shaba. Wenye kudai kukibuni ni wengi, na anayetajwa zaidi ni Joshua Shaw, mchoraji wa picha aliyehama Uingereza kwenda Marekani.

Jeshi la Uingereza lilichelewa. Mwaka 1834 huko Woolwich zilijaribiwa bunduki za aina mbili, kila aina risasi 6,000, katika kila hali ya hewa. Gumegume ilikataa kulia mara 922. Ya fataki ilikataa mara 36. Baada ya hesabu hiyo hapakuwa na la kubishana, na katika miaka ya 1840 askari wakavuliwa mawe.

Na mwenyewe je? Mwaka 1842, akiwa mzee wa miaka 73, serikali ilimpa pauni 200. Mgala muue na haki umpe, husema watu wetu, na mimi sioni haki katika pauni 200 kwa mtu anayesifiwa kwa kuzikataa 20,000. Tarehe 11 Juni 1843 akafa huko huko Belhelvie. Baadaye zikatolewa pauni 1,000 nyingine, wakagawiwa jamaa zake.

Fataki haikufa na mwenyewe. Katika miaka ya 1860 iliingia ndani ya kiasi cha bunduki, yaani risasi iliyo kamili na ganda lake, ikakaa chini katikati ya kitako. Hapo wakatokea wawili: Boxer, afisa wa Kiingereza, na Berdan, wa Marekani. Ganda la Boxer lina tundu moja la katikati la kupitishia moto, la Berdan aghalabu lina mawili madogo. Ajabu ni kuwa Wamarekani waliishika ya Mwingereza, na Ulaya ikaipenda ya Mmarekani. Tundu la katikati lina faida yake: sindano hupita ikaing'oa fataki iliyokufa kwa urahisi, na ganda likatiwa nyingine.

Kwa hiyo wako wawindaji wa wanyama wakubwa wanaojitengenezea viasi vyao kwa mkono. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, lakini Tanzania na nchi za kusini bado uko kwa leseni, na mtu anayesimama mbele ya nyati hapendi kusikia nyundo ikigonga bure. Ganda kubwa lililojaa baruti nyingi, tena ya kuwaka polepole, hutaka fataki yenye moto mrefu zaidi. Kampuni ya Federal ya Marekani ilifanya fataki yake namba 215 kwa ajili ya risasi ya Weatherby .378, iliyotoka 1953, kwa sababu zile za kawaida zilishindwa na baruti yake. Fataki dhaifu huifanya bunduki ilie kwa kuchelewa, kasoro ile ile ya gumegume. Iliyo kali kupita kiasi hupandisha nguvu ya mlipuko. Ndiyo maana fundi mwangalifu akibadili fataki hupunguza baruti, akaanza kupanda tena kidogo kidogo.

Klorati aliyoitumia Forsyth imeachwa katika risasi za kuwindia, kwani ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa chumvi na chuma. Imebaki katika fataki za watoto.

Katika karne ya 20 Waingereza walimwekea Forsyth kibao cha ukumbusho, ndani ya ngome ya Tower.